Maji ya Watani

Nchi yenyewe siitaji. Sheria yetu inamtaka mtu akilitamka jina la nchi asimame wima na kuweka mkono kifuani, na mimi hapa nimekaa, miguu imevimba. Itoshe kusema kwamba ipo, ina bendera, ina mawaziri arobaini na saba, na ina ziwa moja. Ziwa ndilo lililotuletea kinyaa hiki ninachotaka kukisimulia. Kama umetoka kula sasa hivi, weka hii karatasi pembeni kwanza chakula kishuke.

Mimi naitwa Mshangama, karani daraja la tatu, Idara ya Maji. Si mtu wa siasa. Kazini niliandika nilichokiona, na ambacho sikukiona niliandika pia, kwa sababu nilitumwa.

Basi. Upande wa mashariki wa ziwa ipo Klabu ya Matanga. Hao ni waheshimiwa wenye mashua za tanga, nyeupe pee, watu wanaopenda upepo, ukimya na kuongelea puani. Kiongozi wao ni Daktari Mlingoti, Waziri wa Utulivu, ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kufumba macho. Upande wa magharibi, hatua mia nne tu, ipo Klabu ya Injini. Hao nao ni waheshimiwa, ila wana boti za kasi zenye mashine mbili, tatu, nyingine nne, zinazounguruma mpaka mabati ya nyumba zetu yanatikisika. Kiongozi wao ni Jenerali Mstaafu Kishindo, Waziri wa Maendeleo ya Haraka. Yule hata chumvi mezani huiomba kwa kupiga kelele.

Watu wa Matanga huwaita wenzao "wauza mafuta ya taa". Watu wa Injini huwaita wenzao "waanika nguo". Zamani waligombana kwelikweli, hadi Daktari akamnyima Jenerali salamu mbele ya mabalozi, nchi ikaaibika. Ndipo Mkuu wa Nchi akapata wazo. Akatunga Sheria ya Utani.

Utani sote tunaujua, tumezaliwa nao. Mtani wako anakutukana, unacheka. Anakubebea jogoo wako, unacheka. Ukifiwa anakuja kukutania mpaka makaburini, na huruhusiwi kununa, maana mtani hanuniwi. Mila nzuri sana, iliwapatanisha babu zetu waliokuwa wakichinjana. Lakini ilikuwa mila ya watu, haikuwa na muhuri. Serikali ikaipiga muhuri. Kifungu cha nne kikasema hivi: "Jambo lolote litakalotendwa na klabu moja kwa nyingine ziwani ni utani, na utani si kosa."

Mkuu wa Nchi aliisoma sheria hiyo kwa saa tatu, kisha akasema: "Ushindani wa kirafiki ndio uti wa mgongo, ini na figo za taifa!" Tukapiga makofi. Aliyeacha kupiga makofi wa kwanza aliandikwa jina.

Utani ukaanza. Watu wa Injini walikwenda asubuhi moja wakamwaga mapipa sita ya oili chafu mbele ya gati la Matanga. Waheshimiwa wakatoka majini na kaptula zao nyeupe, weusi tititi kuanzia kiunoni kushuka chini. Kicheko! Matanga nao wakajibu. Walilichukua bomba la choo cha klabu yao, lililokuwa likienda kwenye shimo, wakaligeuza lielekee ziwani, ili upepo wa mashariki uupeleke mzigo kwa wenzao. Jenerali akajirusha kuogelea, akaibuka na kitu sikioni. Sitakitaja. Klabu zote mbili zilicheka mpaka zikafutana machozi. Wiki iliyofuata Injini wakaagiza lori la uchafu wa machinjioni, matumbo na yaliyomo, wakalimwaga upande wa Matanga. Matanga wakajibu kwa njia ileile ya choo, safari hii wakiwa wamealika wageni mia tatu kwenye karamu ya maharage.

Sasa hesabu hatua. Mia mbili kutoka kwa hawa, mia mbili kutoka kwa wale, pale katikati kabisa, ndipo lilipozamishwa bomba linalovuta maji ya kunywa ya mji mzima. Chujio liliwahi kuwepo. Likaondolewa kwa sababu lilikuwa linaziba.

Na tafadhali msiniletee ile methali ya tembo na nyasi. Tembo wale walikuwa wanapigana. Hawa walikuwa wanacheka, wameshikana mabega.

Idara yetu ilikuwa na utaratibu wake wa kupima maji. Mashine za kupimia zilikuwepo, zimefunikwa kitambaa cha kufumwa ili zisipate vumbi. Tulichokitumia ni Mwonja Maji wa Serikali. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi anateka glasi moja pale bomba linapoingilia mjini, anainywa yote mbele yangu, kisha anakaa kwenye benchi. Ikifika saa tatu bado amekaa wima, mji unafunguliwa maji. Mimi najaza Fomu Namba Tisa: maji leo ni (a) safi, (b) safi sana, (c) safi kupita kiasi. Hakuna (d).

Mwonja wetu alikuwa Bi Siwatu, mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye ulimi mkali na tumbo la chuma. Miaka kumi na tisa alikuwa ananywa, hakuwahi kulala benchini hata siku moja. Na hapo ndipo palipokuwa na upumbavu wetu, ingawa idarani tuliuita utaalamu. Tumbo lake lilishazoea kila kitu, lingeweza kusaga kokoto. Sisi tukalipima ziwa kwa tumbo hilo, halafu tukawafungulia maji watu wenye matumbo ya kawaida.

"Mshangama mwanangu," aliniambia asubuhi moja baada ya ile karamu ya maharage, akiwa ameishika glasi mbali na pua, "haya si maji. Haya ni mchuzi."

"Bi Siwatu, kunywa tu tumalize. Saa inakwenda."

Akainywa. Akafumba macho, akashika benchi, akapiga mbweu moja kali, hata nzi wakahama. "Andika yananuka mavi," akasema. "Andika hivyohivyo nilivyosema."

"Fomu haina nafasi hiyo."

"Basi andika pembeni."

"Pembeni ni kwa matumizi ya ofisi."

Nikaandika (b). Siku maji yalipotoka na utumbo mdogo wa mbuzi ndani ya glasi, niliandika (c), kwa sababu nilidhani sifa zikizidi kiasi hicho wakubwa watashtuka. Hawakushtuka. Walinipa cheti cha ufanisi.

Mtaa wa Bombani ndio ulio wa kwanza kupokea maji. Hapo ndipo alipokuwa akiishi Sikujua, binti pekee wa Bi Siwatu, fundi wa kushona. Alianza kuharisha Jumatatu. Jumanne akalazwa zahanati, ambako alikuta wenzake thelathini wamelazwa sakafuni na muuguzi mmoja anayewanywesha maji ya chumvi na sukari. Maji yenyewe yalikuwa ya bombani.

Bi Siwatu alikuja kazini Jumatano, akaipindua glasi chini. "Leo sinywi. Funga bomba, Mshangama. Mimi nanywa, nakaa wima. Mwanangu kanywa, kaanguka. Funga mpaka hawa wanaume waache kunya ziwani."

Nikamwambia sina mamlaka ya kufunga. Akaniuliza nani anayo. Nikasema kwa kufunga inahitajika saini ya Waziri wa Utulivu na ya Waziri wa Maendeleo ya Haraka, zote mbili kwenye karatasi moja. "Twende," akasema, na kwa kuwa alikuwa amenishika kola, tukaenda.

Tuliwakuta wote wawili wakila pamoja kwenye baraza la Klabu ya Matanga, hoi kwa kucheka. Mezani palikuwa na samaki mkubwa na chupa za maji zenye maandishi ya nchi nyingine.

"Samaki wa hapa ziwani?" Bi Siwatu akauliza, baada ya kuwasalimu na kuitikiwa.

"Ah, mama!" Jenerali akapaliwa. "Wa hapa nani anakula? Umeona hawa wenzangu wanafanya nini majini? Huyu wa ndege amekuja."

"Ndilo lililonileta, waheshimiwa. Mwanangu yuko sakafuni zahanati anatoka maji matupu. Naomba saini zenu bomba lifungwe, na nyinyi muache kutia uchafu. Ni hilo tu."

Daktari Mlingoti akafumba macho. "Mama yangu, suala lako ni zito, ni pana, na lina upepo wake. Ila kwa haki, uchafu unaomdhuru binti yako ni oili. Oili ni ya mtani wangu huyu."

"Weee!" Jenerali akagonga meza. "Oili haiharishi mtu, inalainisha! Anayeharisha ameharishwa na choo, na choo ni chako, mwanika nguo wewe!"

"Muuza mafuta ya taa!"

Wakaangua kicheko, wakapigana viganja, samaki akaanguka. Bi Siwatu aliendelea kusimama palepale, mikono kaikunja juu ya kanga. Nilimwona shavu linamcheza. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu, kwa kuwa waheshimiwa walikuwa wananitazama.

Jenerali alipoona mama hacheki, akamwonea huruma. "Tatizo lako, mama, umebaki nje. Ukiwa nje ya utani, utani unauma. Tukuingize ndani!" Akaita mpiga picha. Palepale, kwa mamlaka waliyopewa na kifungu cha kumi, wakamtangaza kuwa Mtani Mkuu wa Taifa, mtani wa klabu zote mbili kwa pamoja. Wakamvisha utepe. Saini waliweka, tena zote mbili kwenye karatasi moja, ila ilikuwa hati ya kumpa utepe.

Sikujua alifariki Ijumaa, mchana, wakati muuguzi amekwenda kuchota maji. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Ya mazishini nisingependa kuyasimulia, lakini nimeshaanza. Bi Siwatu alikuwa Mtani Mkuu, na mtani akifiwa watani lazima waje. Wakaja. Klabu ya Injini walikuja wameivuta boti juu ya gari, wakaiwasha mashine nje ya uwanja wa msiba ili "kumsindikiza kwa kishindo", moshi ukaingia chumba cha wanawake wanaoosha maiti. Klabu ya Matanga walileta tanga na kusema afungwe hilo badala ya sanda, litashika upepo, atawahi kufika. Tulipofika makaburini, Daktari Mlingoti alishuka ndani ya kaburi, akajinyoosha, akafumba macho na kugoma kutoka mpaka apewe kitu, kama watani wafanyavyo. Ndivyo mila inavyosema, siwezi kukataa. Watani wa kweli wakifanya hivyo mfiwa hutabasamu katikati ya machozi, maana anajua waliochekesha ndio waliochimba kaburi na watakaolala naye matanga. Hawa hawakuchimba kaburi. Hawa walikuwa wauaji wenye kofia za michezo. 

Bi Siwatu hakulia. Alimtazama Daktari mle kaburini, akamtazama Jenerali aliyekuwa akishika mbavu. "Haya, watani zangu," akasema. "Mmenitania, nimepokea. Nami siku yangu ipo."

"Hiyo ndiyo roho ya kizalendo!" Jenerali akasema, akamwandika awe mgeni wa heshima kwenye Mashindano ya Urafiki.

Mashindano hayo hufanyika kila mwaka, matanga dhidi ya injini. Kwa ajili ya haki, mashua za matanga huanza Jumatatu na boti za injini huanza Jumamosi, ili wafike pamoja. Kila mwaka mshindi ni wote wawili. Kombe ni moja, kubwa kama karai, lina mikono miwili. Viongozi hulishika kila mmoja upande wake na kunywa kwa zamu mpaka liishe, mbele ya Mkuu wa Nchi, mabalozi na runinga. Miaka yote hujazwa divai. Mwaka huu wa kulijaza alikuwa Mtani Mkuu.

Asubuhi ya Jumamosi ile Bi Siwatu alinikuta bombani na ndoo yenye mfuniko. "Nisaidie kubeba, mwanangu. Mgongo hauna nguvu tangu nizike." Nikabeba. Nilijua kilichomo. Niliona akikichota palepale tunapochotea glasi kila siku, tone la mahali pengine halikuongezwa. Tena wiki nzima ile watu wa Matanga walikuwa wamekaa majini, na sisemi zaidi.

Jukwaani bendi ikapigwa. Bi Siwatu akapanda na utepe wake, akafunua ndoo, akalijaza kombe hadi ukingoni. Upepo ulikuwa ukitoka walikoketi wakubwa kuja kwetu, ndiyo maana hawakusikia harufu mapema. Akachukua kipaza sauti.

"Kifungu cha saba," akasema, "mtani hatakataa alichopewa na mtani wake. Watani zangu, kunyweni."

Jenerali huwa hanusi vitu, hubugia. Akabugia mafunda mawili. La tatu lilibaki mashavuni, macho yakamtoka, akalitema lote juu ya suti nyeupe ya Daktari Mlingoti. Daktari akatazama kifuani pake, akaona kitu kinateleza kuelekea kwenye nishani, akatapika ndani ya kombe. Na watu wa Bombani, jamani, walicheka! Walicheka kicheko ambacho hakikuandikwa kwenye ratiba. Akina mama waliozika watoto wao walikaa chini kwa kucheka huku machozi yakiwabubujika, na sikujua ni machozi gani.

"Huu si utani!" Jenerali akanguruma. "Huu si utani! Huu ni uuaji!"

"Ni maji, baba," Bi Siwatu akasema kwenye kipaza sauti. "Ni maji tu. Fungeni bomba."

Mkuu wa Nchi alisimama, akaifuta Sheria ya Utani palepale, kuanzia jana yake. Kwa hiyo Bi Siwatu alipokuwa akilijaza kombe alikuwa tayari si mtani wa mtu. Akakamatwa. Waheshimiwa wawili wakapelekwa ng'ambo kutibiwa, katika ndege moja, vitanda viwili vimeegeshwa sambamba, nao walikuwa wanashindana nani ana homa zaidi.

Kesi ilisikilizwa Jumanne. Mashine za Idara yetu zilivuliwa kitambaa, zikafanya kazi kwa dakika arobaini, na ripoti ikasomwa mbele ya hakimu: mavi, oili, damu ya machinjioni, vijidudu vya kipindupindu vya kutosha kuua kikosi. Ilikuwa ripoti safi sana, wala haikuacha kitu. Ndoo ikawekwa mezani, imefungwa kwa plastiki mara tatu, askari wawili wakailinda kwa vitambaa puani.

"Nimeyachota bombani," Bi Siwatu akasema. "Maji hayahaya ndiyo mji unakunywa. Muulizeni karani, yeye ndiye aliyebeba."

Nikaitwa. Mwendesha mashtaka alikuwa na mafaili matatu ya Fomu Namba Tisa, zote zina saini yangu.

"Bwana Mshangama. Ulinusa yaliyomo kwenye ndoo hii siku ile?"

"Nilinusa."

"Kwa uzoefu wako, ni sumu?"

Bi Siwatu alikuwa ananitazama kwa utulivu, kama mtu anayengoja chenchi yake. Ningesema nini? Ni sumu. Kila mtu chumbani alikuwa ameshika pua.

"Ndiyo, ni sumu."

"Na maji ya bombani, unayoyatolea taarifa kila siku, yakoje?"

Mafaili matatu. Saini yangu. Cheti changu cha ufanisi. Mkurugenzi wangu ameketi mstari wa mbele, amekunja nne.

"Ni safi kupita kiasi," nikasema.

"Kwa hiyo sumu aliitia mshtakiwa mwenyewe, kati ya bomba na jukwaa."

Sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa, na karani wa mahakama, ambaye ni karani kama mimi, akaandika kwamba shahidi amekubali. Hakimu akatoa miaka saba. Akamuuliza Bi Siwatu kama ana neno la mwisho.

Bi Siwatu hakumtazama hakimu. Alinigeukia mimi. "Mshangama mwanangu, watoto wako wanakunywa maji ya wapi?"

Nina wanne. Mdogo ameanza kutembea mwezi uliopita.  Swali lake likaandikwa kuwa ni kuidharau mahakama, akaongezewa miezi sita.

Bomba halikufungwa. Nilifika nyumbani saa nane mchana, jua kali, koo limekauka kwa ule usemaji wote. Mke wangu aliniona nimechoka, akainuka, akachota kikombe mtungini, akanipa kwa mikono miwili. Watoto walikuwa wamekaa mkekani wananitazama. Nikanywa chote, nikamwambia asante.